Keki Iliyokataa Kukauka

Wanaokuja kwangu, mtaa wa Mutanga Sud, kujifunza kuoka huanza karibu wote na swali moja, nami nalipenda: keki na biskuti zinatofautiana wapi, ikiwa unga ni ule ule, sukari ni ile ile, na mayai na siagi vimetoka duka moja? Wengine hudhani ni ukubwa. Wengine husema ni utamu. Huwa siwajibu siku hiyo. Nawapa kila mmoja kipande cha keki na biskuti moja, wakaviweke kwenye sahani bila kufunika, kisha waje tena baada ya siku mbili tatu. Wanaporudi wanacheka wenyewe. Keki imekuwa ngumu kingo zote, na biskuti imelegea.

Nakueleza na wewe, taratibu, na usiogope kama hujawahi hata kuwasha jiko. Keki inaingia kwenye moto ikiwa uji mzito. Moto unaishikanisha tu, na maji mengi yanabaki humo ndani. Ndiyo maana ni laini. Ukiiacha wazi, hewa inaiomba maji hayo, nayo inatoa, inatoa, mpaka inakauka. Biskuti ni kinyume chake. Unga wake ni mkavu tangu mwanzo, unausukuma, unaukata, na moto unamaliza hata unyevu ule mdogo uliokuwamo. Biskuti inatoka ikiwa na kiu. Ukiiacha wazi, inakunywa kutoka hewani. Kwa hiyo moja hutoa na nyingine hupokea. Katika nyumba ya kawaida ya mji wetu mambo huenda hivyo, iwe masika, iwe kiangazi.

Nimeanza na hayo kwa sababu nataka kusimulia habari za nyumba ya shangazi yangu kule Buterere, na bila hayo nitaonekana nasimulia habari za majini.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea. Mume wake, ambaye sote tulimwita Muzee hata alipokuwa bado na nywele nyeusi, alikuwa fundi wa magari. Walikaa Buyenzi miaka mingi, katika chumba cha kupanga, mpaka Muzee alipopata kiwanja Buterere, kule chini karibu na ziwa na mashamba ya mpunga, ambako ardhi ilikuwa ya bei ambayo fundi angeweza kuifikia. Akajenga kwa matofali ya udongo mbichi. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kazi ionekane imekamilika, akazipiga plasta ya saruji kuta zote kwa nje na kuzipaka rangi ya maziwa. Kwa ndani akapaka chokaa tu. Ukiitazama kutoka barabarani ungeapa ni nyumba ya matofali ya kuchoma.

Muzee alifariki mvua zilipokuwa zinamalizika. Shangazi akaingia eda.

Kwetu eda inakaliwa kwa adabu. Mjane anabaki ndani ya nyumba ya mume wake miezi minne na siku kumi, anavaa nguo zisizo na mapambo, hatoki bila haja ya lazima. Madirisha ya sebuleni hufungwa na pazia hushushwa, ili wapita njia wasimtazame. Sisi wanawake wa familia tulipeana zamu za kwenda kushinda naye, na kila mtu alibeba anachokiweza. Mimi nilibeba biskuti. Keki haibebwi. Keki, au gato kama tunavyosema hapa mjini, ni ya harusi na ya watoto kuzaliwa. Kuingia nayo kwenye nyumba ya msiba ni kama kuingia umepiga wanja na kuvaa hereni. Biskuti haina makosa. Inakaa kando ya chai na kunyamaza.

Siku ya zamu yangu ya kwanza nilifika kabla ya adhuhuri. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia. Njiani vumbi lilikuwa jeupe, na magurudumu ya gari langu yaliacha wingu lililokataa kutua. Nilipovua viatu na kukanyaga ndani nilisikia ubaridi nyayoni, ule wa sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nikamwambia shangazi, "Umeshapiga deki mapema hii?"

"Deki gani? Mi leo hata sijashika tambara."

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, mahali ambapo Muzee alikuwa akiketi, karibu na ukuta wa nyuma. Alikuwa amehamishia hata godoro lake pale. Akachukua biskuti zangu mbili, akaziweka kwenye sahani ndogo ya bati, akaisogeza karibu na ukuta na kuifunika kwa kawa. Kando yake akaweka kikombe kitupu.

"Ya nani hiyo, shangazi?"

"Ya kwake."

"Shangazi, watu watasema."

"Wacha waseme. Mi simupi marehemu chakula, dini naijua kuliko wao. Ni mukono tu. Saa alikuwa anatoka gereji kuja kula ikifika, mukono unaweka sahani peke yake. Ukate mukono basi." Akanitazama kwa pembeni, jicho lake la utani likiwa bado hai. "Njo tuswali. Tukirudi utaona kitu."

Tuliswali chumbani, tukabaki tukiongea, na alasiri ilikuwa inakaribia tuliporudi sebuleni. Shangazi akainua kawa na kunipa biskuti moja mkononi.

Nilikuwa nimezioka asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya kuzifunga nilivunja moja, ikalia kama kijiti kikavu. Hii niliyopewa ilijikunja juu ya kidole changu kama kipande cha nguo. Haikuwa imelowa. Ilikuwa imelegea kwa namna ambayo kila mtu wa nyumba ile aliijua, maana Muzee alikuwa na mtindo wake: alichovya biskuti kwenye chai, akaishikilia humo tulivu, na kuitoa sekunde ile ile kabla haijakatika. Sisi wengine zetu zilizama kikombeni. Yake haikuzama hata siku moja.

"Ameshachovya," shangazi akasema. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba mvua imeacha.

Nikafungua mkebe niliokuja nao. Biskuti zilizobaki zilikuwa kavu, zinalia. Nikasema neno la kujikinga na shetani, naye akacheka mpaka akafuta machozi. "Angalia mutoto! Muzee alikubeba mugongoni, leo unamuogopa."

Kisha akanionyesha ukuta.

Miaka yote Muzee aliketi pale akiegemea, na shati lake la gereji lilikuwa limekwangua chokaa, likaacha alama ya mgongo na mabega. Tuliizoea. Lakini sasa alama ile ilikuwa nyeusi, ina mng'ao, na juu ya mabega palikuwa na kitu kingine, duara lisilokamilika, kama shingo inayoanza. Niliweka kiganja. Ukuta ulikuwa na unyevu, na ulikuwa na joto. Nilijua sababu ya joto: ni ukuta wa magharibi, jua la mchana linauchoma kwa nje. Nilijua, lakini mkono wangu uliondoka kabla sijauamuru, kwa sababu ulikuwa umegusa mgongo wa mtu anayetoka jasho.

"Kila siku anapanda kidogo," shangazi akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini. "Nafikiri anataka kusimama."

Nilirudi Mutanga nikiwa nimefunga vioo vya gari, na joto lote lile.

Zamu yangu ya pili, kabla sijaingia ndani, nilisimamishwa na jirani, mama mmoja mkulima wa mpunga ambaye kiwanja chake kinapakana na cha shangazi. Alikuwa anaanika nguo. Akaniita kwa mkono, akasogea karibu na ua.

"Mama, mwambie huyo mujane wenu ahame hapo."

"Kwa nini? Mvua si zimeisha?"

"Ego, ndiyo, zimeisha juu." Akakanyaga chini mara kadhaa kwa kisigino. "Za chini hazijaisha. Ziwa lilipanda, na maji yakabaki huku ndani ya udongo. Shimo la choo changu linajaa peke yake, jua likiwaka hivi hivi! Na ile nyumba ya nyuma yangu, unaona?"

Nilitazama. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na paa la mabati limelala juu ya tuta la udongo.

"Ilikaa chini mchana kweupe. Hakuna upepo, hakuna kitu. Mbuzi walikuwa ndani, Mana yanje, Mungu wangu. Tulisikia kama mutu anashusha pumzi, tukageuka, nyumba hakuna."

Nilipoingia kwa shangazi alikuwa amelala pale pale kwenye godoro lake, usingizi wa baada ya chakula, kichwa kikiwa kiasi cha mkono mmoja kutoka ukutani. Umbo lilikuwa limeshapata shingo yote. Nilikaa nikisikiliza. Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti ndogo, kavu kidogo na yenye maji kidogo, kama mtu anayenong'ona huku ana chakula mdomoni. Ilikuwa udongo unaomomonyoka na kuteremka nyuma ya plasta. Unakatika, unanyamaza, unaanza tena.

Hapo vyote vilinijia kwa mpangilio. Saruji ya nje, ile aliyoipenda Muzee, ilikuwa imeziba njia. Maji yaliyopanda kutoka chini hayakuweza kutokea nje, yakawa yanatokea ndani, na yakaanzia pale ambapo chokaa ilikuwa imekwanguka. Na tangu msiba madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo unyevu ulibaki na kukusanyika humo. Biskuti, yenye kiu yake, ilikuwa inakunywa nyumba.

Shangazi alipoamka nilimweleza yote, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, bila kuruka hatua. Alinisikiliza vizuri. Aliuliza hata maswali. Kisha akasema, "Kwa hiyo unaniambia Muzee ni maji."

"Nakuambia huu ukuta utakuangukia. Na sheria inakuruhusu kutoka, shangazi. Nyumba ikiwa ya kuogopwa, mwenye eda anahamia pengine anamalizia huko."

"Sheria naijua. Mi nilikufundisha we." Akavuta mtandio. "Kama ni nyumba inaanguka, natoka. Lakini kama ni yeye anakuja, mi niende wapi? Akute mukeka mutupu? Mutu umeishi naye, anakuja mbali kiasi kile, akute umehamia kwa watu wa Mutanga?"

Alitazama kawa. Halafu uso wake ukabadilika, ukawa ule wa kupatana bei sokoni.

"Wewe si mutu wa gato? Bon, vizuri. Muzee hakugusa gato hata siku ya harusi yetu. Alisema inabandika meno. Watu wote walicheka, mi nikaona haya. Leta gato. Weka hapo, kando ya sahani yake, bila kufunika. Ikikauka vile unafundisha watu wako, basi anayelegeza biskuti ni yeye, na we utaniacha na mume wangu, hutanisumbua tena. Ikilegea na yenyewe…"

Nilikubali. Fikiria unachokijua sasa. Biskuti hulegea hata penye unyevu kidogo. Lakini keki iliyoachwa wazi hukauka karibu kila mahali; nimeiona ikikauka wakati wa masika, madirisha yakichuruzika. Ili isikauke, nyumba inabidi iwe na maji mengi kuliko keki yenyewe. Nilikuwa nimeweka maisha ya shangazi juu ya jaribio ambalo huenda lingenikataa.

Kuna keki za kudanganya, ninazijua. Ukitia asali na mafuta mengi, keki inakaa laini siku nyingi popote utakapoiweka. Nilisimama jikoni na chupa ya asali mkononi muda mrefu. Mwishowe nikaoka ile ya kawaida kabisa, mayai, unga, sukari, siagi kidogo, aina inayokauka upesi kuliko zote. Shangazi angeonja na kujua. Alinifundisha kusema kweli, na pia alinifundisha ladha ya asali. Juu nikanyunyiza sukari ya chembe kubwa.

Jirani aliponiona napita na keki mikononi alishika kiuno. "Gato kwenye eda? Mana yanje! Munaozesha tena?"

"Ni dawa," nikamwambia.

"Dawa ya sukari! Nileteeni na mi mugonjwa."

Tuliiweka chini, kando ya ukuta. Ilionekana ya aibu pale, na sukari yake iking'aa mbele ya umbo lile jeusi ambalo sasa lilikuwa na kichwa. Tuliitazama wote wawili kama watu walioleta mgeni asiyealikwa.

Siku iliyofuata nilimpigia simu. "Iko aje?"

"Iko nguvu juu," akasema, na nikasikia furaha yake, akijaribu kuificha ili asiniumize. "Nimegonga na kucha. Iko nguvu, mutoto wangu."

Nilikaa chini pale pale sakafuni, jikoni. Nilimuuliza kama alikuwa na wageni. Akasema ndiyo, wanawake wengi walikuja kumsalimu, mlango ulikuwa wazi kutwa nzima. Nilijua upepo wa mlangoni unaweza kukausha keki kwa siku moja, lakini nilijua pia kwamba maelezo yanayokuja baada ya kushindwa hayasikilizwi. Nilimwomba jambo moja tu: aiache pale pale na mlango ubaki umefungwa.

Siku iliyofuata hakupokea simu. Nyingine tena hakupokea. Mafuta ya gari yalikuwa ya kutafuta siku hizo. Nilikuwa nimebakiza ya kupeleka oda ya harusi Gasenyi, na harusi ikabidi isubiri. Nilifika Buterere jua likiwa kichwani, mashamba ya mpunga yametulia, vyura wote kimya. Hodi yangu haikuitikiwa. Nikasukuma mlango.

Shangazi alikuwa ameketi mbele ya keki, miguu imenyooka, mikono mapajani. Alikuwa mzima. Hakugeuka.

"Njo uiguse."

Niligusa. Gamba lote la juu lilikuwa limerudi kuwa laini, na lilinata. Chembe za sukari hazikuwapo tena. Zilikuwa zimeyeyuka zikawa utelezi mwembamba unaoteremka ubavuni. Upande ulioelekea ukutani uliacha maji kwenye ncha za vidole vyangu. Nimeoka tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona keki ikipokea.

"Muzee hagusi gato," shangazi akasema.

"Hagusi, shangazi."

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakaa na maji. Nilikuwa naongea na maji." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nayaambia habari za watoto."

Nilianza kumwambia maneno mazuri, kwamba mazoea ya Muzee yalikuwa ya kweli, kwamba mahali pale palikuwa pake. Akaweka kiganja hewani. "Nyamaza kidogo, mutoto."

Ukuta ukaendelea kunong'ona. Niliinua macho na nikaona kwamba umbo halikuwa tena la mtu aliyeketi. Unyevu ulikuwa umepanda mpaka juu ya urefu wa dirisha, na mabega yale yalikuwa yamepotelea ndani ya doa jingine, refu, lenye upana wa mtu aliyesimama na kuegemea. Nyuma yetu kitu kikalia, mlio mmoja mfupi wa mbao.

"Tunatoka sasa hivi," nikasema.

Hakubishana. Alichukua msahafu, mswaki wake na mfuko wa nguo. Keki na sahani alivipita. Nikamtanguliza nje, akafunika uso kwa mtandio dhidi ya jua, akaenda kusimama kando ya gari. Mimi nikabaki kufunga.

Mlango ulikataa. Ulikuwa umefunguka vizuri nilipoingia. Sasa fremu ilikuwa imeinama kidogo upande mmoja, na ubao haukuingia. Nilivuta kwa mikono yote miwili. Nilihisi nyumba ikinirudishia, polepole, bila hasira. Baada ya siku chache jirani angenipigia simu kuniambia kwamba ukuta wa nyuma umekaa chini, mchana, na mkeka uko chini yake. Siku ile bado ulikuwa umesimama, na kutoka mlangoni niliuona wote, mweusi, unang'aa, na giza la chumba likiwa baridi usoni kwangu.

"Umefunga?" shangazi akaita.

"Umegoma."

Alifikiri. "Basi wacha wazi," akasema. "Na yeye atoke."

Nilipofika kwenye gari alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma. Alikuwa amejisogeza mpaka upande wa pili kabisa, akijibana dirishani na mfuko wake mapajani, na mlango wa nyuma wa upande niliosimama alikuwa ameuacha wazi. Nikanyoosha mkono niufunge.

"Ngoja," akasema.

Nikangoja. Hapakuwa na upepo. Vumbi la barabarani lilikuwa limetulia lote. Shangazi alitazama mbele, wala hakutazama nyumba.

"Haya," akasema mwishowe. "Funga. Twende."